Namna ya Kuwasimulia Vijana wa Mombasa Kuzimu ya Wagiriki wa Kale

Kabla ya kutaja jina lolote, amua utamwita Hades nani, kwa maana hapo ndipo masimulizi mengi huharibika. Ukimwita shetani, kijana aliyelelewa Mji wa Kale atamwona papo hapo kuwa mpotoshaji wa watu, ilhali kwa Wagiriki alikuwa mfalme mkali aliyepata kuzimu kwa kura, siku nduguze Zeus na Poseidon walipopata mbingu na bahari. Mwite mfalme wa kuzimu. Wala usimchanganye na mauti yenyewe, ambayo ni Thanatos, pacha wa Usingizi. Na waliowahukumu wafu ni wengine: Minos, Rhadamanthys na Aiakos.

Anza na kivuko. Aliyewahi kungojea feri Likoni anaelewa uzito wa maji yanayotenga pande mbili, kwa hiyo mweleze kwamba Hermes, mjumbe wa miungu, aliiongoza roho hadi ukingoni, kisha Charon akaivusha kwa mashua kwa malipo ya sarafu ndogo, oboli, ambayo jamaa walimtia maiti kinywani. Likoni mwenda kwa miguu huvuka bila nauli. Kwa Charon hakuna wa bure. Sisitiza pia habari ya maziko, kwani wasikilizaji wako wanajua haraka ya kumsitiri maiti: mzuka wa Patroklos, aliyeuawa katika vita vya Troya, ulimjia rafiki yake shujaa Achilles usingizini ukimsihi amzike upesi, apate kupita malango ya Hades.

Ukimfikia Persephone, mke wa Hades, ikiwezekana pasua komamanga mbele yao. Kwa kuwa alionja punje yake huko chini, binti huyo wa Demeter, mungu wa kike wa mavuno, alilazimika kurudi kwa Hades theluthi moja ya kila mwaka.

Erinyes, miungu wa kike wa kisasi, usiwaite majini. Hawampandi mtu wala hawatulizwi kwa ngoma. Humwandama aliyemwaga damu ya jamaa yake, kama Orestes aliyemuua mama yake. Wagiriki waliogopa kuwataja, wakawaita Eumenides, yaani wenye hisani, na tafsida ya namna hiyo watu wa pwani wanaifahamu vyema.

Vivuli vya wafu viweke mwisho. Katika Odysseia, utenzi wa Homer, shujaa Odysseus anamwaga damu ya kondoo shimoni ili wafu wanywe na kusema naye, na Achilles, ambaye sasa naye ni mfu, anamwambia kwamba ni heri kuwa kibarua wa maskini juu ya ardhi kuliko kuwatawala wafu wote. Ukishayasema maneno hayo, nyamaza kidogo, uwaache vijana waulize.