Majina ya kudekeza ya Kirusi: ujue Sasha ni nani kabla hujamwita

Binti wa dada angu anaenda Urusi kusoma, juzi kanipigia simu kachanganyikiwa, kwenye grupu la WhatsApp la wanafunzi kuna Aleksandr, Sasha, Shura na Sanya, akadhani watu wanne kumbe ni jamaa mmoja tu. Nikamwambia tulia anko akueleze, mi nimekaa Voronezh miaka sita na haya makosa nimeyafanya yote.

Hatua ya 1: jifunze kusoma herufi zao. Wiki moja inatosha, tuendelee.

Hatua ya 2: pata jina la kwenye pasipoti. Hapa ndo pana kazi, vumilia. Kwetu Abdallah akiwa Dula au Ramadhani akiwa Rama, jina bado unaliona mle ndani. Kirusi wapi! Mikhail kuwa Misha sawa, Ivan kuwa Vanya haya, ila Georgy anaitwa Zhora, na Shura imetoka kwa Aleksandr kwa kuzunguka, Aleksasha, Sasha, Sashura, mpaka Shura, jina lote limeliwa njiani. Kwa hiyo usikisie. Mi nilikisia: rafiki yangu Slava alienda kwao likizo akasahau koti lake la baridi, nikamtumia kwa posta, fomu inataka jina kamili nikaandika Yaroslav kwa kujiamini kabisa. Kumbe ni Vyacheslav. Dirishani wakaangalia pasipoti, wakaangalia mzigo, wakamnyima, koti likarudi kwangu theluji imeshaanza na yeye huko anatetemeka. Na angeweza kuwa Svyatoslav pia! Halafu kuna majina hayana jinsia: Sasha, Zhenya na Valya anaweza kuwa mwanaume au mwanamke, usimwandikie mtu "kaka" kabla hujamwona. Hiyo a ya mwisho nayo isikudanganye, Misha, Kolya na Dima ni wanaume. Na kwa kawaida Vladimir siyo Vlad jamani, Vladimir ni Vova au Volodya, Vlad ni wa Vladislav.

Programu za kutafsiri sizipendi kabisa kwa kazi hii, zitakwambia Slava ni utukufu na Lyubov ni upendo, sasa hapo umejua nini? Muulize mwenyewe tu: "kak tebya po pasportu?", yaani kwenye pasipoti unaitwaje, hakasiriki mtu. Kwenye simu sevu jina kamili kwanza, la kifupi lifuate.

Hatua ya 3: tia sukari. Chukua jina fupi, toa a ya mwisho, weka -ochka: Lena anakuwa Lenochka, Ira Irochka. Likiishia na ya weka -echka: Tanya, Tanechka. Likiishia na sha weka -enka: Mashenka, Sashenka. Haya ni ya mama, bibi na mpenzi. Vovochka kuwa nayo makini, ndo yule mtoto mtundu wa vichekesho vyao vya shuleni, watu watacheka.

Hatua ya 4: -ka iache kwanza. Sashka, Mashka, Vanka, utasikia ndugu na marafiki wa damu wanaitana hivyo, ila ikitoka kwa mgeni ni dharau, kama sisi unavyomwita mtu "kijitu". Zamani watu walijiandika hivyo kwenye barua za kumuomba mfalme, Ivashka, Petrushka, kujishusha, mpaka Peter Mkuu akapiga marufuku mwaka 1701.

Hatua ya 5: mwalimu na wakubwa ni jina kamili pamoja na la baba. Olga Sergeyevna. Hata kama mumewe kamwita Olechka mbele yako, wewe ni Olga Sergeyevna.

Cha mwisho, ukisikia "Mash!", "Tan!", "Kol!" usidhani ni majina mengine, wanakata tu ile irabu ya mwisho wakiita mtu. Mi naitwa Juma, jina langu linaishia na a kama la Misha, haikupita mwezi hosteli nzima ni "Jum! Jum!" Bibi mlinzi wa mlangoni yeye aliniita Jumochka mpaka namaliza chuo, na funguo alinipa hata nikichelewa.