Somo: Mlinganyo wenye ucheleweshaji, na kwa nini grafu yako haichezi

Wakuu, nimechoka kujibu hili moja moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Mlinganyo ni wa mwanaikolojia Hutchinson, 1948, wa kukua kwa idadi ya viumbe: N'(t) = rN(t)[1 − N(t−T)/K]. N ni idadi, N' ni kasi ya kubadilika kwake, r ni kasi ya ukuaji, K ni idadi ambayo mazingira yanaweza kubeba, T ni muda wa ucheleweshaji. Breki, yaani yale mabano, inasoma idadi ya zamani, si ya sasa. Kwa hiyo idadi inaipita K kabla breki haijashika, na ikishika inaendelea kubana hata idadi ikiwa imeshuka chini ya K.

1. Fungua lahajedwali. Ya simu inatosha.

2. r = 1.8, T = 1, K = 1, hatua ya muda h = 0.01.

3. Jaza A1 hadi A101 kwa 0.5. Hiyo ndiyo historia. Usijaze 1, ukianzia kwenye K hakuna kitakachosogea.

4. A102 andika =A101+0.01*1.8*A101*(1-A1), buruta hadi mstari wa 4000.

Hapa ndipo nilipoumia. Mistari unayorudi nyuma ni T/h, yaani 100. Nilitaka usahihi zaidi, nikashusha h hadi 0.001, mistari nikaiacha 100 ile ile. Kumbe T imekuwa 0.1, rT (r mara T) ni 0.18! Grafu ikapanda taratibu ikatulia. Nikaamua mawimbi ya mwanzo yalikuwa makosa ya ukokotoaji, nikamwandikia hivyo msimamizi wangu. Lahajedwali halitoi onyo lolote. UKIGUSA h, GUSA NA MISTARI.

5. Chora.

MASWALI

— Mkuu yangu imenyooka kama rula, tatizo nini?

Historia umejaza ngapi?

— 1.

Hatua ya 3.

— Kipindi changu (muda wa wimbi moja) ni 4.2 hivi. Mbona T ni 1?

Umeangalia vizuri. Karibu na K, mchepuko x (umbali wa idadi kutoka K) unafuata takribani x'(t) = −r x(t−T). Jaribu wimbi x = cos(ωt), ω ikiwa kasi ya mzunguko: kushoto unapata −ω sin(ωt). Ili kulia nako kuwe sine, ucheleweshaji lazima uwe robo ya mzunguko, ωT = π/2. Kipindi ni 4T. Tena ukilinganisha ukubwa wa pande mbili, ω = r, kwa hiyo mpaka ni rT = π/2, karibu 1.571. Chini yake yumbo linafifia, juu yake halifi, na kipindi kinazidi kurefuka. Weka r = 2.1 uone: 4.5 na ushee.

— Euler (hiyo njia ya hatua ya 4) enzi hizi? Si utumie Runge-Kutta, njia yenye usahihi zaidi.

Runge-Kutta inadai thamani za katikati ya hatua, na historia yako haina hizo mpaka uzikadirie. Somo ni la wanaoanza, mkuu.

— Kuna viumbe halisi wanaofanya hivi?

Wapo. Mtafiti wa wadudu Nicholson, Australia, miaka ya 1950, alifuga nzi aina ya Lucilia cuprina, chakula cha wakubwa kikiwa kiasi kile kile kila siku. Idadi ikapanda na kushuka, kipindi siku 40 hivi. Gawa kwa 4 upate makisio ya T.

— Simu inagoma kuchora mistari 4000.

Chora kila wa kumi. Ila usikokotoe kila wa kumi!