SOMO: Kula samaki wa kuni Tanga, kwa sisi tunaoshuka kutoka Arusha na Moshi

Wadau wa Chuga na Moshi habari za saa hizi. Disemba inakaribia, watu wanapeleka familia kuona bahari, na kila mwaka malalamiko ni yaleyale, tuliambiwa samaki wa kuni wa Tanga ni balaa, tumefika tumekaa masaa mawili kimeletwa kitu kikavu ka soli ya kiatu. Mara nyingi mpishi hana kosa. Sisi tumezoea nyama choma, unaingia, unachagua paja la mbuzi pale bucha, unaagiza ndizi na pilipili alafu unakaa zako, mbuzi yupo mwaka mzima. Samaki hayuko hivo. Kilichopo jikoni kimeamuliwa na upepo na mwezi, na kuiva kwake kunategemea moto umefika wapi ulipoagiza. Ukishika hayo mawili utakula vizuri hata kwenye kibanda kisicho na menyu, tena hapo ndo hasa.

HATUA YA 1: Angalia upepo na mwezi kabla hujakata tiketi

Kaskazi inavuma kuanzia kama Disemba mpaka Machi, bahari inatulia na vyombo vinaenda mbali, hapo uliza nguru, jodari, kolekole. Kusi ikianza, kama Mei au Juni mpaka Septemba, bahari inachafuka, ngalawa na madau wanavulia hukuhuku karibu na miamba, kwa hiyo shikilia changu, tasi, pono, chewa, na usimkazanie mtu akupe nguru maana atakupa kweli, ila wa kwenye friza. Masika pale katikati piga simu kwanza, vibanda vya makuti vilivyo wazi vingine vinafunga kabisa, kuni zimelowa na wateja hakuna.

Mwezi sasa, hapa ndo watu wa bara tunapigwa chenga. Pweza anatafutwa kwa miguu juu ya mwamba maji yakikupwa sana, na maji yanakupwa sana siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Katikati ya hapo ni maji mafu, ukikuta pweza amelala kwenye barafu ujue ana siku zake. Dagaa yeye anavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi na boti zinapumzika. Kwa hiyo kama unataka vyote viwili panga safari mwezi unapoandama, giza lipo na bamvua lipo. Alafu kuna vijiji vya pwani na visiwani wanafunga miamba yao miezi kadhaa ili pweza wakue, ukiambiwa mwamba umefungwa usianze kubishana, wakifungua wanatoka wakubwa.

HATUA YA 2: Usiende mezani, nenda jikoni

Ukitoka Chuga asubuhi unapita Same, Mombo, Korogwe, Segera unakata kushoto, Muheza hiyo na machungwa yake, Tanga unaingia umechoka na njaa inauma, na mwenye njaa anaagiza ovyo. Nunua machungwa Muheza ule njiani, nasema kwa nia njema kabisa.

Ukifika salimia kwanza, pwani ukianza na "nipe" bila shikamoo au salamaleko umeshajiharibia. Kisha omba kuona samaki. Jicho lake liwe limejaa na linang'aa, likishazama na kuwa na ukungu achana naye. Funua shavu, ndani kuwe kwekundu, kukiwa na rangi ya udongo huyo wa juzi. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Ikibaki shimo, au mfupa umevunjika ndani wakati ngozi nzima, mrudishe, uvuvi wa baruti ulisumbua sana pwani ya Tanga miaka ya nyuma na samaki wa hivo nyama yake inalegea haraka mno. Harufu iwe ya bahari tu. Na wale watalii wetu wa kuuliza silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, jamani, huyo haliwi, pwani ya Tanga kuna hifadhi ya bahari kwa ajili yake tangu 2009.

HATUA YA 3: Bei

Uliza kabla kisu hakijashuka. Ni kwa kilo au kwa samaki mzima? Kilo inapimwa kabla ya kutoa matumbo au baada? Kuchoma kumo humohumo? Basi, yamalize hapohapo.

HATUA YA 4: Soma moto

Ukikuta kuni zinawaka kwa ulimi mkubwa, usishangilie. Samaki akiwekwa hapo anapata masizi nje na ndani mbichi, na ule uchungu mnaolalamikia unatoka hapo. Subiri moto ushuke, kuni zivunjike ziwe makaa mekundu yenye majivu meupe juu. Mpishi mzuri utamuona anavuta makaa upande mmoja wa jiko, upande mwingine anauacha wa vuguvugu, na anatupia vifuu vya nazi akitaka joto la ghafla. Huyo kaa karibu naye.

Sasa agiza kwa kufuata moto. Makaa yakiwa makali kabisa tanguliza ngisi na kamba, dakika chache tu, kamba akishageuka rangi na kujikunja mtoe, ukimsahau anakuwa mpira. Moto ukituliatulia ndo samaki mzima anaingia, amechanjwa mistari mpaka karibu na mfupa, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbuzi. Hapo ndo subira, samaki wa kilo moja na nusu hakosi nusu saa au zaidi, na anageuzwa mara moja tu, ukiona anageuzwageuzwa ngozi inabaki kwenye wavu na utamu wote unadondokea kwenye makaa. Wa kupaka anakuja mwisho, moto umeshapoa, kwa sababu lile tui zito lenye ukwaju na binzari linapakwa kidogokidogo likaukie juu ya samaki, kwenye moto mkali linakatika na kuungua. Sisi tunafika tunaagiza vyote kwa mpigo alafu tunataka vije kwa mpigo, hapo lazima kimoja kiharibike.

Pweza mwulize mpishi kitu kimoja tu, ameshachemshwa? Anachemshwa kwanza mpaka alainike ndo anapitishwa motoni apate moshi. Ukiambiwa anaenda kwenye wavu mbichi, chukua ngisi.

HATUA YA 5: Kula

Mkono, sinia moja katikati, wali wa nazi au muhogo wa kuchoma, kachumbari, pilipili ya ukwaju pembeni. Anza kichwani na mashavuni, hapo ndo penye mafuta, mkimaliza upande mmoja nyanyua mfupa wote mrefu badala ya kumgeuza samaki. Tomato sosi iacheni Arusha.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Sakina: Mkuu somo limekaa poa, ila hujagusa bia. Tunaruhusiwa kwenda nazo?

Jibu: Arifu, sehemu nyingi za samaki kule wenyewe ni Waislamu na hawauzi, na hawapendi uje nayo kwenye begi. Uliza kwa adabu, ukiambiwa hapana agiza madafu. Zipo sehemu zenye baa, hiyo chagua mwenyewe.

Dada wa Pasua, Moshi: Mi nina watoto wadogo wawili, miiba ndo inanitisha. Nichukue samaki gani?

Jibu: Dada chukua vipande vya nguru au jodari, mfupa uko katikati mkubwa unaonekana. Kolekole mkubwa pia anafaa. Changu waachie wazee, ni mtamu ila ana vimiiba. Na waombe wapunguze pilipili kabla hajapakwa, baadae haitoki.

Ngaramtoni: Nilikula jodari mahali fulani nikawa mwekundu uso mzima, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Nina aleji ya samaki?

Jibu: Inawezekana ni aleji, ila mara nyingi kwa jodari, nguru na vibua ni kwamba samaki alikaa juani muda mrefu kabla ya kuwekwa kwenye barafu. Anatengeneza histamini, na moto hauiondoi hata achomwe vipi, hata harufu anaweza asitoe. Kama samaki wengine unakula huwashwi basi shuku hilo, lakini nenda hospitali wakuangalie, na ukipata shida ya kupumua usisubiri kesho. Ndo maana nimesema nenda jikoni, ukawaone wamewekwa wapi.

Chalii wa Unga Ltd: Hizi habari za mwezi si hadithi za wazee tu? Samaki si yupo baharini siku zote?

Jibu: Yupo, ila kumfikia ndo shughuli. Nenda ufukweni maji mafu uone kama mwamba unatoka nje, alafu nenda tena siku ya bamvua. Hakuna uganga hapo, maji tu.

Mama wa Kiboriloni: Mwanangu naweza kurudi na samaki wa kuchoma mpaka Moshi?

Jibu: Shikamoo mama. Wa kuchoma sikushauri, yeye bado ana maji ndani na kwenye basi joto la Mombo na Same unalijua. Wa kukaanga mpaka akakauka anavumilia zaidi, ila apoe kabisa kabla hujamfunga, ukimfunga wa moto anatoa jasho na kuchacha. Kama una kontena la barafu beba mbichi aliyesafishwa matumbo, barafu chini na juu. La sivyo chukua ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa juani, huyo hana presha.

Mdau wa Njiro: Na Ramadhani je? Mwaka huu nataka kwenda Februari.

Jibu: Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya kaskazi, samaki wapo ila mchana vibanda vingi vimefunga. Nenda baada ya magharibi, watu wakishafuturu. Weka oda alasiri ili wakutengee, na mchana kula zako hotelini, si barabarani.

Rau, Moshi: Sisi tusio na nauli mkuu? Kuni tunazo, bahari ndo hatuna.

Jibu: Perege wa Nyumba ya Mungu wanatosha kabisa. Kuni tumia za mkahawa zile zinazopunguzwa shambani, zimekauka vizuri zinatoa makaa ya kukaa muda mrefu. Usitumie mbao za paini wala za rangi, moshi wake unaingia kwenye nyama. Perege ni mdogo, mchanje juujuu tu, paka wavu mafuta kwanza, na tui lisizidi maana yeye mwenyewe hana mafuta mengi na ladha yake inafunikwa kirahisi. Ndizi choma ruksa hapo, uko nyumbani.