Jinsi ya kutembea milima ya Colorado bila kufukiwa na theluji

Wakuu, naona ndugu zetu wengi wa Denver siku hizi wanapanda milimani wakati wa theluji, safi sana, ila jueni nje ya risoti za kuteleza kwenye theluji hakuna anayelipua theluji mbaya mapema ili iporomoke kabla na nyie mpite salama, kazi yote ni yako mwenyewe.

Hatua ya 1. Kabla hujawasha gari soma taarifa ya CAIC (kituo cha Colorado cha habari za maporomoko ya theluji), wanatoa kila siku wakati wa baridi, hatari ya maporomoko kwa kiwango 1 mpaka 5, 5 ndo mbaya zaidi. Watu wakiona 3 wanasema aah katikati, twende. Jamani 3 sio poa, watu wengi hufa siku za 3.

Hatua ya 2. Ijue theluji ya huku. Mwanzoni mwa msimu inakuwa nyembamba, ardhi iko karibu nyuzi 0 na hewa juu ni baridi kali, ile tofauti inageuza theluji ya chini kuwa punje kubwa kama sukari, alafu dhoruba inakuja inabwaga tabaka zito juu yake. Chimba mpaka chini uchote kiganjani, ukiona punje zinamwagika kati ya vidole hazishikani, ujue mlima mzima umekaa juu ya kitu kisichoshika.

Hatua ya 3, na hii ndo ninayowasihi kuliko zote: pima mteremko. Maporomoko mengi huanzia kwenye nyuzi 30 mpaka 45. Laza fimbo juu ya theluji, weka simu juu yake, app ya kupima mwinamo ikusomee. Baki chini ya 30, NA usipite chini ya mteremko mkali hata kama wewe uko tambarare, maana unaweza kuubomoa ukiwa huko huko chini. Aprili 2013 pale Sheep Creek, karibu na Loveland Pass, watu 5 walikufa hivyo, mlima ulikatika juu yao, na vifaa walikuwa navyo.

Hatua ya 4. Ukisikia theluji imeguna "wumf" chini ya miguu, au ufa umekimbia kutoka ulipokanyaga, au kuna poromoko jipya jirani, geuza, rudi kwa njia uliyojia, hakuna mjadala. Upepo nao unakomba theluji upande mmoja unairundika upande wa pili, ule wa pili ndo wa kuogopa hata kama juzi ulikuwa salama.

Hatua ya 5. Kila mtu awe na bikoni mwilini (kifaa kinachotuma mawimbi ili wenzako wakupate ukifukiwa), fimbo ndefu ya kuchoma kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa na chepe ya chuma, na mkaguane bikoni pale parking. Sehemu ya hatari mnavuka mmoja mmoja, wengine wanamwangalia. Akifukiwa mtu msikimbilie msaada mbali, dakika 10 za kwanza ndo uhai wake: kwanza hakikisheni theluji nyingine haiji, wote geuzeni bikoni zenu ziwe kwenye kutafuta, chomeni fimbo pale namba ya umbali kwenye bikoni iko ndogo kabisa, ikigonga mtu iacheni hapo hapo, chimbeni kutokea upande wa bondeni, mkimfikia fungueni mdomo na pua kwanza kabla ya kumvuta.