Mtoto Akiuliza Kama Moto wa Msituni Utafika Kangemi

Februari 2022, nyika za juu za milima ya Aberdare, kaskazini mwa Nairobi, zilipowaka, mjomba wa watoto wangu aliyeko Ndunyu Njeru, chini ya milima hiyo, alituma video kwenye WhatsApp ya familia. Ilikuwa usiku, moshi, na mstari mwekundu mrefu juu ya mlima. Binti yangu, wakati huo miaka sita, aliichungulia begani kwangu. Nikamwambia, "Huko ni mbali, nenda kalale." Saa tano usiku nikamkuta kitandani amevaa viatu vya shule, kamba zimefungwa.

Nilikosea kwa hilo neno "mbali". Kwake mjomba hayuko mbali: wanaongea kila Jumapili, na viazi vyake viko jikoni kwetu kwenye gunia.

Kwa hiyo kabla hujaeleza lolote, uliza. Unafikiri moto uko wapi? Utafanya nini ukitoka hapo? Kisha nyamaza. Akishindwa kusema, mpe karatasi achore. Wangu alichora moto wenye miguu ukipanda matatu. Ndipo nikaelewa: alikuwa ameuchanganya na ule moto ulioteketeza vyumba vya mabati nyuma ya ploti yetu, ambao aliuona kwa macho yake ukiruka mlango hadi mlango. Ningehubiri habari za misitu usiku kucha nisingeigusa hofu yenyewe.

Nilichukua maharagwe. Punje moja Kangemi, mtaa wetu wa Nairobi, inayofuata Uthiru, halafu Kinoo, Kikuyu, Limuru, Soko Mjinga, Njabini, Engineer, mpaka Ndunyu Njeru. Vituo hivyo anavijua. Soko Mjinga hutapika kila safari. Moto nikauweka juu kabisa, kupita shamba la mjomba. "Ili ufike kwetu, katikati utakula nini?" Akafikiri. Lami hailiki. Viazi vibichi haviwaki vizuri. Na watu wote wale na ndoo zao? Alikuwa ameanza kulegeza kamba za viatu.

Kesho yake tukaingia kwenye moto wenyewe, kwa sababu kitu usichokijua hukua gizani. Moto unataka vitatu: kitu cha kuunguza, joto na hewa. Washa mshumaa juu ya sahani ya bati, wewe mwenyewe, mtoto akiwa amekaa mbali kidogo. Ufunike kwa glasi, ahesabu mpaka uzimike. Hewa safi imepungua mno, moto umekufa. Halafu rudi kwenye maharagwe: panga mstari mrefu, uondoe punje chache katikati. Hivyo ndivyo wanavyofanya kule juu kwa panga na jembe: wanakata ukanda mtupu, moto ukifika hauna cha kula. Wengine hupiga ndimi ndogo kwa matawi mabichi. (Usitumie njiti za kiberiti kwa mchezo huu hata bila kuziwasha. Utakuja kulia.)

Mwambie pia nani anazima. Watoto hutulia wakijua kuna watu wazima kazini: walinzi wa misitu, askari wa wanyamapori, na wanakijiji kama mjomba wake. Na nani aliwasha? Hapa usikwepe. Kwetu moto mwingi wa msituni hutokana na watu: mrina asali aliyeacha moshi wake, mchoma makaa, mfugaji anayetaka nyasi mpya, na ukame wa Januari hadi Machi unamaliza kazi. Usimfanye mtoto aone kila mrina asali ni mwovu, lakini usimwambie moto hujiwasha tu.

Swali gumu lilikuwa la wanyama. Nilitaka kusema wote walikimbia. Nikasema: ndovu hushuka, ndege huruka, wanaoishi mashimoni hujificha chini ambako udongo haupati joto sana, lakini wengine, kama kinyonga, huenda hawakuwahi. Alilia, nikamwacha alie. Baba yake alikuja mbio na biskuti, nikamrudisha nazo. Machozi ya kinyonga hayahitaji biskuti.

Hofu ya usiku ina dawa yake nyingine. Mwambie ashike kikombe cha uji wa kuwaziwa, anuse polepole kwa pua, kisha aupulize taratibu usimwagike. Mara tano. Afanye mchana kwanza akiwa ametulia, maana mtoto anayetetemeka hajifunzi kitu kipya. Viatu vikae karibu na kitanda akitaka, usimcheke. Akicheza moto na mdogo wake, mmoja moto mwingine zimamoto, waache, ila sikiliza mchezo unaishaje. Ukiisha kila siku kwa wote kufa, kaa nao, uulize kama kuna helikopta inayoweza kuja.

Zima video. Mtoto mdogo akiiona mara kumi anaweza kudhani mioto ni kumi. Januari 2025, Los Angeles ilipokuwa ikiungua kwenye kila simu, mdogo wake aliniuliza kwa nini Marekani inawaka kila siku asubuhi. Ilikuwa video ileile.

Moshi ukifika mtaani, hata wa takataka, funga madirisha, wacheze ndani. Mwenye pumu dawa yake iwe karibu. Kitambaa chenye maji hakichuji chembe ndogo za moshi.

Mpe na kazi. Wangu amekariri namba yangu ya simu, anajua 999 na 112 za dharura, na anajua tukitoka ghafla tunakutana kwenye kioski cha mama mboga, si kurudi kuchukua begi. Kazi yake ya jioni ni kuniuliza kama jiko la makaa limezimwa. Ananiuliza kwa ukali.

Siku chache za ndoto mbaya ni kawaida. Mwezi ukipita bado anakojoa kitandani na awali hakuwa akikojoa, hataki kula, au hataki shule, zungumza na daktari au mshauri, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto ya Childline Kenya, bila malipo.

Desemba tukampeleka kwa mjomba. Njiani, tulipofika Njabini, nilimwambia kwamba bwawa la Sasumua liko karibu, na sehemu ya maji ya Nairobi hutoka huko milimani. "Hata ya mtungi wetu?" Hata hayo. Karibu na lango la Mutubio vijiti vyeusi vilikuwa bado vimesimama, na chini yake nyasi za kijani. Alimuuliza mjomba moto ulienda wapi. Mjomba akamwonyesha viganja vyake, vilivyobaki na makovu mawili ya matawi. Binti yangu akavishika muda mrefu bila kusema neno.

Viatu vya shule siku hizi vinalala mlangoni, na mimi ndiye ninayejikwaa navyo gizani.