Jinsi ya kucheza ludo bila kuiachia dadu kila kitu

Kibirizi hapa Kigoma, watu wakisubiri boti, ludo haikosi, na kila anayefungwa utamsikia "dadu imenikataa leo". Mi sikubali kabisa. Dadu inakupa namba tu, kete ipi itembee unaamua we mwenyewe.

Kwanza usikimbize kete moja. Wengi wakitoa moja wanaipeleka mbio mpaka nyumbani huku tatu zimelala ndani, sasa hapo unaamua nini, ikija 4 unatembea 4 basi. Ukipata 6 toa nyingine, ukishakuwa na mbili tatu barabarani namba yoyote ikija una pa kuiweka. Na 6 ikichelewa usikate tamaa, kurusha mara 4 bila kuipata ni kawaida sana, inatokea karibu nusu ya wakati.

Halafu, na hapa ndo penye utamu wenyewe, jifunze kuhesabu mgongoni kwako. Adui aliye nyuma yako hatua 1 mpaka 6 anahitaji namba moja tu akule (kete yako irudi ndani ianze upya), yani ana nafasi 1 kati ya 6. Akiwa nyuma hatua 7 mpaka 12 lazima apate 6 kwanza, arushe tena apate namba yenyewe kamili, hiyo ni 1 kati ya 36! Hatua moja tu, kutoka ya 6 kwenda ya 7, hatari imepungua mara sita. Kete mbili za adui mmoja zikiwa nyuma yako kwa umbali tofauti ndani ya hizo 6, ni 2 kati ya 6, hapo usikae.

Mfano imekuja 3. Kete yako moja ina adui hatua 4 nyuma, nyingine imeshaingia njia ya nyumbani ambako haliwi mtu. Mwenye haraka anasogeza ya nyumbani kisa inakaribia kumaliza, wakati ile ya barabarani ukiipa hizo 3 adui anabaki hatua 7 nyuma. Ya nyumbani itangoja, haiendi popote.

Kwenye kula pia chagua. Duara lina vyumba 52, kete iliyotembea 40 ukiila umemrudisha mtu mbali sana, iliyotoka sasa hivi hajapoteza kitu, kesho akipata 6 yuko palepale, kwa hiyo usiache mahali salama kwa ajili yake. Na usisimame kwenye mlango wa mtu mwenye kete ndani, 6 yake moja imekumaliza.

Mkitaka akili ifanye kazi zaidi rusheni dadu mbili, kila namba iende kwenye kete tofauti, mchezaji anachagua ipi ipate ipi. Ila kubalianeni kabla ya kuanza, sio katikati mtu akishaanza kufungwa.