Somo: Kupima kasi ya radikali ya hidroksili (OH) bila leza

Ba ndugu wa labo, OH, kipande cha molekuli chenye njaa ya kushambulia wengine, haisubiri saa. Katika mchanganyiko wa somo hili inaishi mikrosekunde kama 4 tu. Wenye leza waifukuze; sisi wa Lubumbashi tuigombanishe: molekuli mbili ziigombee, moja kasi yake ikijulikana.

Hiyo ni p-nitrosodimethilanilini (RNO), rangi ya manjano inayopauka ikishikwa na OH. Wanakemia Kraljić na Trumbore waliitumia hivyo mwaka 1965. k yake (kipimo cha kasi ya kushikana na OH) ni 1.25 × 10¹⁰ M⁻¹s⁻¹.

1. Vaa glavu. Tengeneza RNO mikromola 20 kwa lita ya maji distile, pH karibu 7. Kwenye nanomita 440, kiveti ya sm 1, spektrofotometa (mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa) itasoma karibu 0.68.

2. Tia peroksidi ya hidrojeni hadi milimola 1.

3. Washa taa ya UV ya nanomita 254, ile ya kuua vijidudu vya maji: inapasua peroksidi kuwa OH. Kinga macho. Iache ipate moto kwanza, umeme ukikatika katikati (na utakatika!), mwaga, anza upya. Soma 440 kila dakika. Kasi ya kupauka mwanzoni ndiyo V₀.

4. Rudia ukiongeza ethanoli: mikromola 50, 100, 200. Kila kasi mpya ni V.

5. Chora V₀/V kwa molari za ethanoli. Mstari unaanzia 1. Zidisha mteremko wake kwa 2.77 × 10⁵: RNO inachukua OH kwa 2.5 × 10⁵ kwa sekunde, peroksidi yenyewe 2.7 × 10⁴. Wengi husahau hiyo ya pili. Jibu ni k ya ethanoli; ukikaribia 1.9 × 10⁹, mkono wako uko sawa. Sasa leta dawa unayotaka kupima, uiweke mahali pa ethanoli.

Maswali

*Yaya, maji ya forage (kisima kirefu cha kuchimba) je?*
Hapana. Yakipita kwenye mawe ya dolomia yanabeba bikaboneti. Milimola 5 tu zinakula OH zaidi kuliko peroksidi yako.

*RNO inapauka hata bila peroksidi.*
Ni mwanga wenyewe. Pima upaukaji huo peke yake, utoe kwenye V zote.

*Si Fenton (kutengeneza OH kwa chuma na peroksidi) ni rahisi zaidi?*
Fenton inataka pH karibu 3. Hapo RNO inashika protoni na manjano yake inapungua. Utapima asidi, si OH.

*Mimi nataka atrazini, dawa ya magugu ya mashamba ya mahindi.*
Hapo pagumu, mdogo wangu. Atrazini inafyonza 254, kwa hiyo inatia peroksidi kivuli, OH inapungua: V inashuka bila ugomvi wowote. Tena mwanga huohuo unaivunja. Tafuta mwenye kromatografia, mashine ya kutenganisha kemikali.